Ukurasa Uliorukwa

Karai la tatu la visheti liliungua kama la kwanza na la pili, na Mwantumu hakuwa mtu wa kuunguza visheti.

"Mke mwenzangu," Bibi Mwanakhamisi alimtania mjukuu wake kutoka kwenye mkeka, mgongo ameupa ukuta, tasbihi mkononi. "Mafuta yanakuita. Wewe unasikiliza nini?"

"Nasikiliza mafuta, Bibi."

"Mafuta hayapigi honi."

Mwantumu aliinamisha uso kwenye moshi asionekane anavyocheka. Kweli alikuwa anasikiliza honi ya lori la Sedekia, lililoleta mchele wa Rujewa kila Alhamisi mpaka duka la baba yake, Mzee Selemani, pale Sokomatola. Wiki hii lori lilikuwa linakuja Jumatatu, kwa sababu mwaka ule wa 1974 sikukuu mbili zilikuwa zimegongana: Idi ya kuchinja Jumanne, Krismasi Jumatano. Mji mzima wa Mbeya ulikuwa ama kwa fundi cherehani ama kwa muuza kuku, na mvua ya Desemba haikumzuia mtu. Lakini Mwantumu hakuwa anangoja mchele. Lori lilikuwa linamleta mtu ambaye amemsoma kwa miezi minane na hajawahi kumtia machoni.

Mtu huyo aliitwa Mihayo Bujiku, karani wa mizani kwenye mashine ya mpunga huko Rujewa. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Usukuma wakashukia mbuga za Usangu, na yeye, badala ya kupenda ng'ombe kama ndugu zake, akapenda kalamu. Mwezi wa Aprili alikuja Mbeya na mchele, mvua ikamfungia dukani, naye akatoa daftari akaanza kuandika. Bibi akataka kujua anaandika nini. Akasomewa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Hadithi yako tamu, mtani wangu," alimwambia, maana watu wa pwani na Wasukuma ni watani tangu zama za mababu. "Lakini Kiswahili chake kimevaa viatu vya kuazima. Kila wiki niletee habari. Umesoma nini, umeandika nini, na huko kwenu mnapika nini. Mimi nitakunyoosha."

Mwingine angecheka akasahau. Mihayo alilichukua kama agizo la mkubwa wake wa kazi. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi bahasha ilifika imefungwa kwa kamba kwenye mdomo wa gunia la kwanza. Mwantumu siku ile ya mvua hakuwapo. Alikuwa Iringa kwa shangazi yake, Miyomboni. Aliporudi alizikuta barua tatu zinamngoja, hazijafunguliwa, kwa kuwa Bibi na Mzee Selemani wote walisoma madrasani tu. Kurani walikuwa nayo, na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikiandika vizuri sana. Hizi herufi nyingine waliwaachia watu wa ofisi na Mwantumu, aliyemaliza kidato cha nne na sasa anashona nguo nyumbani.

Basi Mwantumu akawa macho ya Bibi na mkono wa Bibi. Kila Alhamisi baada ya alasiri alisoma kwa sauti, kisha akaandika majibu. Barua zenyewe zilikuwa hivi:

"Bibi, shikamoo. Wiki hii nimesoma kurasa arobaini za kitabu cha kutengeneza trekta, maana ndicho peke yake kilichobaki katika kabati la ofisi, na nimegundua kwamba fundi akieleza kitu anachokipenda, naye ni mwandishi. Nimeandika kurasa tatu, nimechana mbili. Sekela wangu, yule msichana wa hadithi, bado ananishinda. Kijana amemuuliza kama atamngoja mpaka arudi na ng'ombe, nami sijui msichana wa mjini anajibuje bila kusema ndiyo wala hapana. Nisaidie. Habari za maandalizi: mama ameanza kuficha unga wa ngano wa Krismasi ili tusiumalize kabla ya wakati, na kondoo niliyekuahidi kwa Idi anakula pumba za mpunga kuliko mimi ninavyokula wali."

"Mwambie," Bibi alijibu siku hiyo, "msichana wa mjini hajibu. Anamletea chai, anamuuliza kama imekolea sukari."

Mwantumu akaandika hivyo. Kisha aliuma kalamu, akamwibia Bibi jicho, akaongeza la kwake: "Akishamuuliza, amtazame kama atainua kikombe. Akikiinua, ana kiu tu. Asipokiinua, anangoja jibu."

Hivyo ndivyo wizi ulivyoanza, na kama wizi mwingine ulianza na kitu kidogo. Sentensi moja, kesho mbili. Ajabu ilikuwa kwamba kila alichokiongeza kilirudi Alhamisi nyingine kinywani mwa Sekela, naye Mwantumu alilazimika kukisoma kwa sauti mbele ya Bibi na uso mkavu. Ni mtu gani huyu anayeshika maneno yangu hivi? Anacheka vipi? Anakaa vipi anapoandika? Alianza kuyajua mengi juu yake: kwamba huandika saa ya chakula nyuma ya fomu za zamani, kwamba mama yake Leokadia huimba kanisani kwa sauti kuliko wote, kwamba anaogopa ng'ombe dume na haoni haya kusema. Uso tu ndio uliokosekana. Mwantumu aliutengeneza mwenyewe akiwa kwenye cherehani, leo mrefu, kesho mweupe wa meno, na kila akiumaliza aliona haufai, akaufumua.

Wiki mbili kabla ya Idi ilikuja barua ya kurasa nne. Mwantumu alisoma ya kwanza, akasoma ya pili. Alipoifunua ya tatu, macho yake yalitangulia chini kama ilivyo tabia ya macho, akaona maneno fulani. Akaweka ukurasa ule chini ya paja, akaendelea na wa nne kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mbona kama amekatika katikati?" Bibi aliuliza.

"Ndivyo anavyoandika, Bibi. Bado hajanyooka."

Ukurasa wa tatu ukaenda kulala kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Nusu yake ya chini ilikuwa na yale maneno aliyoyasoma mpaka akayajua kwa moyo. Nusu ya juu ilikuwa na jambo jingine, la kondoo, ambalo Mwantumu alilipitia harakaharaka akajiambia atamuuliza Bibi kwa kuzunguka. Lakini kesho yake ikaja barua ya posa kutoka Iringa, imefungwa katika leso nyeupe. Ukoo wa Bushiri, wenye maduka ya vitambaa Miyomboni, walimwona alipokuwa kwa shangazi, na kijana wao amempenda. Kijana huyo hakuwa na baya. Mwantumu alijaribu kumtafutia baya na hakulipata. Mzee Selemani aliipokea barua ile kwa mikono miwili, akasema jibu litakwenda Idi ikipita, na kwa furaha yake yote mtu angedhani anaolewa yeye. Katika vurugu hiyo ya moyo, kondoo akasahaulika kabisa.

Wiki ile Mwantumu aliandika maneno ya Bibi matupu, asiongeze hata nukta. Na Alhamisi iliyopita jibu la Mihayo lilikuwa fupi kuliko yote: "Bibi, nimeisoma barua yako mara tatu. Naona kuna mtu ametoka ndani yake. Wiki hii sijasoma kitu, wala sijaandika kitu. Jumatatu nitakuja mwenyewe na kondoo."

Honi ikalia.

Mwantumu aliipua karai, akajifuta mikono, akajifunga mtandio upya, akaufungua, akaufunga tena. Bibi alimfuata kwa macho. Mlango wa uani ulikuwa na pazia la kitenge. Mwantumu akasimama nyuma yake, akachungulia.

Alikuwa mfupi kuliko mwandiko wake. Hilo ndilo la kwanza. Herufi zake zilikuwa ndefu, zimesimama wima, na mwenyewe alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, koti limelowa, suruali ina vumbi la pumba magotini. Kamba mkononi, na mwisho wa kamba kondoo dume mweupe mwenye kichwa cheusi, mkia mnene, amesafishwa kwa sabuni mpaka anang'aa. Uso haukufanana na hata mmoja kati ya nyuso zote alizoshona Mwantumu. Lakini alipoutazama aliona hawezi tena kuzikumbuka zile nyingine.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mtani! Pita, pita. Usukuma wote umekuja na wewe?"

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja na huyu tu. Kondoo yako hii hapa."

"Kondoo wako huyu hapa," alisahihisha Bibi. "Marahaba. Mwone alivyonenepa! Mwantumu! Mletee mgeni chai. Sisi tumefunga Arafa, yeye hajafunga."

Aliposikia jina, Mihayo aligeuka. Mwantumu alikuja na sinia, kikombe kimoja na kisahani, na alipoinama kuweka aliona kitu ambacho hakukitegemea: kijana hakumtazama usoni. Alitazama mkono wake wa kulia, kidole cha kati, pale kalamu inapoegemea, ambapo wino wa buluu ulikuwa haujatoka tangu Alhamisi. Akautazama kwa muda. Ndipo akapandisha macho.

"Karibu," Mwantumu alisema, na sauti ilitoka ndogo.

"Ahsante."

Kondoo alikuwa ameanza kula kona ya mkeka. Mwantumu alijua kabisa alichotaka kukifanya, alijua kwamba ni wazimu, na akakifanya.

"Chai imekolea sukari?"

Mihayo alikuwa ameshapeleka mkono kwenye kikombe. Mkono ukasimama hewani. Akaurudisha polepole akauweka gotini, akamtazama Mwantumu, na usoni mwake kulipita kitu kama mtu aliyepiga hodi nyumba nyingi na mwishowe akasikia sauti anayoijua. Kikombe hakukigusa.

Bibi aliangaza macho kwa huyu, akaangaza kwa yule, tasbihi ikasimama.

"Hee," alisema taratibu. "Chai siku hizi inatazamwa?"

Kabla mtu hajajibu, mlango wa dukani ulifunguliwa akaingia Mzee Selemani, kofia imelowa, uso una njaa ya funga. Alipokea salamu ya mgeni kwa heshima ya wastani. Alimjua kijana kwa mchele, na kwa mchele hakuwa na neno naye. Hizi barua ndizo alizokuwa haelewi maana yake.

"Ndiye huyu kondoo wa mama?"

"Ndiye, Mzee."

Mzee Selemani alikunja mikono ya kanzu. Alimpapasa mgongo, akaridhika. Alimfungua mdomo akatazama meno, akaridhika. Alimtembeza hatua tatu, miguu mizima. Akashika kichwa kutazama macho, na vidole vyake vikasimama kwenye sikio la kushoto. Ukingoni kulikuwa na mapengo matatu, yamekatwa kwa kisu, yamekauka vizuri.

"Nani amemkata huyu?"

"Mimi, Mzee," Mihayo alisema, na kulikuwa na fahari kidogo katika sauti. "Ni alama. Kwetu kila mwenye mifugo ana alama yake sikioni. Hiyo ndiyo yangu ya kwanza."

Mzee Selemani aliachia kichwa cha kondoo. "Mnyama wa Idi hatakiwi awe na kasoro. Asiwe chongo, asiwe kiwete, asiwe amekatwa sikio. Huyu hafai."

Bibi alinyanyuka kwa kushika ukuta. Mwaka huu alikuwa anachinja kwa jina lake mwenyewe, mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe, na jirani hakubaki asiyeambiwa. "Selemani, tazama vizuri."

"Nimetazama, Mama. Nyama imeondoka, si tundu." Akamgeukia Mihayo. "Kijana, hukujua?"

"Sikujua, Mzee. Ndiyo maana niliuliza."

"Ulimuuliza nani?"

"Bibi. Niliandika kwenye barua, wiki mbili zilizopita, kabla sijakata. Nilisema kama kuna ubaya aniandikie, na nikiona kimya nitajua hakuna."

"Mimi?" Bibi alishangaa kweli. "Hukuniuliza. Habari ya sikio ndiyo naisikia leo."

"Bibi, niliandika."

"Nasema sikusomewa kitu hicho!"

"Kijana," Mzee Selemani alisema, na sauti sasa ilikuwa ya baridi, "umesimama kwenye uwanja wangu unamwambia mama yangu kwamba ni mwongo, naye amefunga?"

Mihayo alifungua mdomo. Kisha macho yake yakaenda kwa Mwantumu, aliyekuwa amesimama na sinia kifuani kama ngao. Mtu aliyesoma kila sentensi yake kwa miezi minane hakuhitaji muda mrefu kumsoma na uso. Mwantumu aliona jinsi alivyoelewa. Aliona pia, na hili ndilo lililomchoma, jinsi alivyoamua.

"Hapana, Mzee," Mihayo alisema akiinamisha kichwa. "Nimekosea. Labda nilikusudia kuandika, nikasahau. Naandika mambo mengi. Bibi, naomba unisamehe."

"Mwandishi asiyejua alichokiandika," Mzee Selemani alisema. "Ndiyo haya niliyokuwa nayasema, Mama. Watu hawa wana njia zao na sisi tuna zetu, kila mtu akae na zake. Kijana, Sedekia hajamaliza kushusha magunia. Chukua kondoo wako urudi naye. Na barua nazo sasa zitoshe."

Mihayo alichukua kamba. Hakubishana. Alitazama kikombe kilichojaa, akageuka kuelekea mlangoni, na kondoo akamfuata.

Je, ingekuwa wewe, msomaji, ungefanyaje? Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Mwantumu angenyamaza tu, na heshima yake ingebaki nzima, Iringa wangepata jibu lao, na mtu mmoja angerudi Rujewa amebeba uongo usio wake. Mwantumu aliweka sinia chini. Aliingia ndani mbio, droo ya cherehani ikang'ang'ania, akaivuta mpaka vifungo vikamwagika sakafuni.

"Baba, mzuie!"

Alirudi uani na karatasi mkononi, imekunjwa mara nne. Mihayo alisimama kwenye pazia.

"Nini hiyo?" baba yake aliuliza.

"Ni ukurasa wa tatu wa barua ya Bibi. Niliuruka." Alivuta pumzi. "Mgeni hakusahau, Baba. Aliandika."

"Mwantumu, si lazima," Mihayo alisema kwa sauti ya chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina, na alilitaja kama mtu aliyekuwa akilitafuta.

"Ni lazima." Akakunjua karatasi na kuanza kusoma, kama Alhamisi zote.

"'Sasa, Bibi, nina maswali mawili. La kwanza ni la kondoo. Kwetu mnyama akiwa wa mtu fulani hukatwa sikio kwa alama ya mtu huyo. Baba ana alama yake, kaka zangu wana zao, mimi sikuwahi kuwa na mnyama wa kumwekea. Huyu wako ndiye wa kwanza. Jumapili ijayo nataka nimwekee alama, ili asipotelee kundi la jirani. Mzee mmoja Mwislamu hapa mashineni ameniambia nikuulize kwanza. Kama kuna ubaya, niandikie. Nikiona kimya, nitajua hakuna.'"

Mzee Selemani alikuwa anatazama chini.

"Haya," Bibi alisema polepole. "Na la pili?"

"Bibi..."

"Ni barua yangu. La pili?"

Mwantumu aliinua karatasi karibu zaidi na uso, si kwamba alihitaji kuiona. "'Swali la pili ninaliogopa kuliko ng'ombe dume. Mkono unaoniandikia ni wa nani? Maneno yako nayajua, Bibi, nimeyasikia kwa masikio yangu. Lakini kuna mengine yanakuja nyuma yake, mwishoni mwa sentensi, kama mtu anayechungulia mlangoni. Hayo si ya mtu wa miaka sabini. Hayo ndiyo aliyonayo Sekela. Nimeandika hadithi nzima nikimtafuta msichana, na sasa naona kuna mtu ananiandikia yeye mwenyewe, kila wiki, nami simjui jina. Kama ni mke wa mtu, niambie ninyamaze. Kama si mke wa mtu, mwambie nakuja kumwona.'"

Mvua ilianza kugonga bati.

"Ni mimi," Mwantumu alisema. Alikuwa anamtazama Mihayo sasa, si karatasi. "Nilitakiwa nikujibu wiki mbili zilizopita. Ni mimi."

"Kwa nini uliuficha?" baba yake aliuliza. Alikuwa ametegemea kukasirika, na hasira yenyewe ilikuwa imechelewa kufika.

"Nilitaka uwe wangu, Baba. Vingine vyote ni vya nyumba nzima. Huu nilitaka uwe wangu peke yangu."

Akaenda akapiga magoti mbele ya Bibi. "Nipe radhi, Bibi. Nimekuharibia kondoo."

Bibi alimtazama. Macho yake yalikuwa na maji, na Mwantumu aliyezoea kutaniwa aliogopa kuona hakuna utani ndani yake.

"Kondoo si kitu," Bibi alisema. "Mimi sina macho mengine ila yako, mjukuu wangu. Nimekaa hapa naambiwa barua, kumbe naambiwa nusu. Hilo ndilo lililoniuma. Ungeniambia, 'Bibi, hapa pananihusu mimi,' ningeziba masikio." Akavuta pua. "Ningeziba moja."

Mwantumu alicheka na kulia kwa pamoja, kichwa mapajani mwa Bibi, na mkono mkavu wa Bibi ukakaa juu ya mtandio wake. Aliposimama, Mzee Selemani alikuwa amemrudia kondoo, anachezea lile sikio.

"Umekata vizuri," alimwambia Mihayo bila kumtazama. "Mkono haukutetemeka."

"Ahsante, Mzee."

"Wa Idi siye. Hilo halibadiliki. Lakini kitoweo ni kitoweo. Jumatano ni sikukuu yenu, si ndiyo? Nitamchinja kwa mkono wangu, tule wote, na mama yako utampelekea paja." Akanyanyua kidole. "Na siku za kuchinja ziko mpaka Ijumaa. Mwingine mwenye masikio yake mawili akifika Alhamisi na lori, mama atachinja."

"Atafika, Mzee. Nitamkagua mpaka kwato."

"Usinitazame hivyo! Sijasema neno jingine. Wewe una kanisa lako, mimi nina msikiti wangu, na hilo si jambo la kumalizwa na kondoo." Alijifuta uso kwa kofia. Alionekana mzee ghafla, na mwenye njaa. "Keti, usije ukalowa."

Mihayo aliketi pale pale alipokuwa ameketi mwanzo. Chai ilikuwa imefanya utando. Hakuigusa.

Mzee Selemani aliingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu akatoa ile leso nyeupe. Mwantumu aliitambua kabla haijafunguliwa. Baba yake aliikunjua juu ya mkeka, barua ya Iringa ikaonekana, maandishi mazuri ya mashine.

"Watu hawa wanangoja jibu," alisema. "Nilikuwa nimelipanga kichwani. Nililipanga tangu siku ile, mpaka maneno ya kufungia. Leta kalamu na karatasi."

Mwantumu alileta. Alikaa chini, karatasi juu ya ubao wa kukatia nguo. Bibi hakupumua. Ng'ambo ya sinia, mtu fulani naye hakupumua.

"Niandike nini, Baba?"

Mzee Selemani alitazama binti yake, kidole chake chenye wino, na ule ukurasa uliokunjwa mara nne uliokuwa umelala pembeni.

"Andika lililo moyoni mwako," alisema. "Kwa adabu, maana ni watu wema. Ukimaliza utanisomea, maana mimi hizo herufi zenu sizijui. Lakini safari hii, Mwantumu, usiruke ukurasa."

Mwantumu aliinamia karatasi. Aliandika tarehe, akaandika salamu kwa wazee wa Iringa, kisha kalamu ikashuka mstari wa pili na haikusita. Alikuwa katikati ya sentensi aliposikia, ng'ambo ya sinia, kikombe kikiinuliwa kutoka kwenye kisahani, na mtu akiinywa chai yake ya baridi yote.